Machozi ya Hujaji: Ni ya Nani?

Katika semina moja ya nadharia za uhakiki, mwenzetu mmoja alisimama akadai kwamba masimulizi ya hija si fasihi. Ati ni mahubiri tu yaliyovishwa kanzu ya safari. Watu wakacheka, mada ikapita. Mimi sikucheka. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kusoma, kwa tafsiri za Kiingereza, habari za mahujaji wa kale waliozuru Bodh Gaya na sehemu za jirani huko Bihar, India. Ni hapo Bodh Gaya ambapo wafuasi wa Budha wanaamini Siddhartha Gautama alipata mwangaza, akiwa ameketi chini ya mti wa jamii ya mkuyu. Makala haya ni jibu langu nililochelewa kulitoa.

Kwanza, sisi wa Kiswahili hatuna haki ya kuidharau safari kama utanzu. Tunayo Safari za Wasuaheli, iliyotolewa na Velten mwaka 1901, ambamo Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Tofauti ya hija na safari nyingine ni kwamba hujaji anajua anachokifuata kabla hajafunga mzigo. Mgogoro wake unaanzia hapo. Je, akifika akakuta alichokifuata hakipo, ataandika nini?

Tumchukue Faxian, mtawa wa Kichina aliyeondoka Chang'an mwaka 399. Anajisimulia kwa nafsi ya tatu, anajitaja kwa jina lake kana kwamba anamsema jirani. Karibu na Rajagriha ananunua maua, ubani na mafuta ya taa, anapanda Kilele cha Tumbusi ambako Budha alifundisha. Anahuzunika kwamba amezaliwa akiwa amechelewa. Anachokiona ni nyayo tu. Lakini machozi anayazuia.

Sasa hebu tumfuate mpaka Sri Lanka. Miaka imepita, wenzake wa safari wengine wamekufa, wengine wamebaki njiani. Katika monasteri ya Abhayagiri, mbele ya sanamu ya Budha ya jiwe la thamani, anamwona mfanyabiashara akitoa sadaka ya kipepeo cha hariri nyeupe kutoka China. Basi! Machozi yanamtoka bila ya kupenda.

Jamani, mhubiri gani angeandika hivyo? Mhubiri angelia kileleni, penye utukufu, na kile kipepeo angekiacha nje ya kitabu. Faxian anakiri kwamba moyo wake ulivunjwa na kitu kidogo cha kwao. Hapo dhamira ya hija inakutana na dhamira ya ugeni, na hakuna inayoimeza nyenzake. Kama hiyo si fasihi, basi sijui tunasoma nini humu darasani.

Wa pili ni Xuanzang, aliyerudi China mwaka 645 na kukamilisha kumbukumbu zake mwaka 646 kwa ajili ya mfalme. Humo anaandika kama karani: umbali, majengo, idadi ya watawa. Anaeleza kuwa mfalme Shashanka aliukata ule mti mtakatifu. Anataja pia sanamu zilizokuwa zikizama ardhini, moja imekwishafika kifuani. Wenyeji waliamini zikitoweka, mafundisho ya Budha nayo yatakoma. Hasemi alijisikiaje. Lakini katika kitabu cha maisha yake, kilichoandikwa na mwanafunzi wake Huili, Xuanzang huyo huyo anaanguka kifudifudi chini ya mti na kulia, akijiuliza yeye alikuwa wapi katika mzunguko wa kuzaliwa siku ile Budha alipopata mwangaza.

Mtu ni mmoja, mahali ni pamoja, matini ni mbili. Anayesoma moja tu atasema Xuanzang ni mkavu, au atasema ni mlizi. Kumbe aina ya maandishi, na yule anayeandikiwa, ndivyo vilivyoamua machozi yaonekane au yafichwe. Hilo ni somo la fani, si la dini.

Wa tatu ananipa taabu. Edwin Arnold, Mwingereza, mhariri wa gazeti la Daily Telegraph, alitoa utenzi wake The Light of Asia mwaka 1879. Bodh Gaya alifika baadaye, mwaka 1886. Yaani alikwenda na shairi lake mfukoni, akapima mahali kwa shairi badala ya kupima shairi kwa mahali. Hekalu wakati huo lilikuwa mikononi mwa mahanta wa Kihindu. Arnold aliomba jani la mti. Akaambiwa achume atakavyo, kwao si kitu. Akakasirika, akaandika, akadai hekalu lirudishwe kwa Wabudha. Kisanaa, naona maandishi hayo yamejaa yeye mwenyewe.

Lakini ni maandishi hayo yaliyomgusa Anagarika Dharmapala wa Sri Lanka. Alifika Bodh Gaya Januari 1891, na mwaka huo huo akaanzisha Maha Bodhi Society. Mvutano ulidumu hadi Sheria ya 1949 ikaunda kamati ya Wabudha wanne na Wahindu wanne chini ya mkuu wa wilaya, na bado wapo Wabudha wanaoilalamikia. Faxian alitutoa machozi. Arnold alizaa sheria. Tumpe nani alama? Mimi nampa Faxian alama ya sanaa, na nakubali kwamba historia haikunisubiri nisahihishe.

Kwa mwenzetu wa semina nasema hivi: usiulize kama msimulizi ana dini. Uliza analilia nini, na kama mahali pamebaki na sauti yake. Wasafiri wengi wa kiroho wa leo wanatueleza amani waliyoipata wao, wala hatuoni mti. Na mti wenyewe una kisa: ule wa zamani uliangushwa na dhoruba mwaka 1876, na huu wa leo ni mche wake, uliopandwa na Alexander Cunningham. Hujaji mwaminifu huanzia hapo, kwenye kile ambacho hakukikuta.

Anayepinga na aandike toleo lijalo.