Mgeni Amefika, Hadithi Iko Wapi?

Kuna hadithi moja ambayo sisi chipukizi tunaiandika kila mwaka, tunabadilisha majina tu. Kijana wa Dar es Salaam anashuka stendi ya Bariadi na begi lake, anakwenda kwa ndugu kijijini. Anasalimiwa "Mwadila", hajui kujibu. Analetewa ugali, anauliza kijiko. Wenyeji wanacheka, yeye anaona soo, hadithi imekwisha. Jamani, hiyo ni hadithi au kichekesho cha dakika mbili?

Sisemi mambo hayo ni ya uongo. Hata mimi yamenikuta. Nilikaribishwa nyumba moja nje ya mji wa Bariadi, saa nane mchana, nikiwa nimeshakula mgahawani. Mama mwenye nyumba hakuniuliza kama nina njaa. Aliniwekea michembe iliyopikwa na karanga. Mimi na adabu zangu za mjini nikasema, "Asante mama, nimeshiba." Nilidhani nampunguzia gharama. Akanyamaza, akakiondoa chakula. Mshikaji aliyenipeleka akaninong'oneza, "Hata tonge moja, bwana? Umemwambia chakula chake hakifai."

Mjini tunamwuliza mgeni "utakula?" tukiona tumempa uhuru. Kwa mama yule swali lenyewe lina harufu ya uchoyo: anayetaka kukupa hakuulizi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini mmoja wetu aliumia. Hapo ndipo penye hadithi. Kijiko tukiache.

Aliyelijua hili ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, jirani kabisa na Usukuma. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Wengi tunaikwepa kwa unene wake. Na kweli, mzee anaeleza mno. Salamu, maakuli, pombe, vyote anavifuata hatua kwa hatua, maana alitaka mila zisipotee. Kasoro hiyo naikubali.

Lakini mtazame Myombekere anapokwenda ukweni. Mkewe amechukuliwa na wazazi wake, kwa kuwa ndugu za mume wamemsimanga kwa kukosa mtoto. Moyo wa mume unawaka. Hata hivyo yeye ni mkwe, tena mgeni: lazima asalimie inavyopasa, akae, angoje. Adabu imemfunga mdomo. Na wakwe wakimtoza pombe ya ndizi, ndoa yake inategemea pombe hiyo. Jaribu kuitoa adabu pale uone kama hadithi itasimama.

Sasa niurudie mswada wa mwenzetu mmoja niliopewa kuusoma. Bariadi ilipofanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Simiyu mwaka 2012, ofisi zilileta watumishi kutoka kila pembe, na mwenzetu amechagua vizuri: bibi harusi wa pwani anafika kwa mama mkwe wa Kisukuma, anamsalimia amesimama. Safi! Halafu mwandishi anatupa kurasa mbili za somo la uraia, kwamba wanawake wa Kisukuma hupiga magoti kuonyesha heshima. Bibi harusi anaelewa, anapiga magoti, wote wanafurahi.

Mwenzangu, unatuzuga. Magoti yale yamemgharimu nini? Amependa, au ameogopa? Mama mkwe ameona heshima, au ameona binti aliyefundishwa jana? Na wifi, msichana wa hapo hapo Bariadi ambaye naye siku hizi hapigi magoti, mbona hasemi kitu? Mila haikai ndani ya watu wote kwa namna moja. Ukiandika "Wasukuma hufanya hivi" na kuishia hapo, umeandika kibao cha makumbusho.

Tunayo methali, ambayo hata Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoieleza Ujamaa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hadithi zetu karibu zote zinaisha siku ya kwanza, kicheko kikiwa bado mdomoni. Nani ameandika siku ya tatu, pamba ikiwa shambani, na mwenyeji hajui amwambieje mgeni wake? Mswada huo uleteni. Nitausoma hata ukiwa umeandikwa kwa penseli.