Lenzi ya Chumba Kidogo

Nikiambiwa niuze lenzi zangu zote nibaki na moja, nitabaki na ya milimita 35 yenye tundu la f/1.4. Haina zumu. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, msogelee. Ukitaka ukumbi wote, rudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Wapo wanaoiona hiyo kuwa adha, hasa waliozoea kusimama mahali pamoja na kuzungusha pete. Kwangu hiyo ndiyo tabia yake njema kuliko zote, maana inamlazimisha mpiga picha aingie ndani ya shughuli badala ya kuichungulia kwa mbali.

Chukua chumba cha bibi harusi siku ya kupakwa hina, Mombasa au Unguja. Kuna kitanda, kabati, mashangazi waliobanana ukutani, na taa moja juu. Bibi harusi amenyoosha mikono juu ya mto. Mpakaji ameinama, koni ya hina ameibana kwa vidole, na ua analolichora limeshafika kwenye kifundo cha mkono. Kupiga flashi hapa ni utovu wa adabu: itawashtua, na weupe wake utaufuta ule umanjano wa taa unaokipa chumba sura yake. Sigma 35mm f/1.4 Art, ambayo ndiyo ninayoijua zaidi, inashika fokasi kuanzia sentimita 30. Kwa umbali huo, tundu likiwa wazi kabisa, sehemu inayokaza ni milimita chache tu: ncha ya koni na ule mstari mbichi unaotoka muda huo. Uso wa bibi harusi umelainika kwa nyuma, ila anayemfahamu ataona kwamba anazuia kicheko.

Zumu nyingi nzuri za kazi huishia f/2.8. Tundu la f/1.4 hupitisha mwanga mara nne zaidi. Pale ambapo zumu inakutaka upige kwa 1/30 ya sekunde, na mkono wa mpakaji utoke umevurugika, hii inakuruhusu upige kwa 1/125 na mkono unatulia. Ndiyo maana naithamini pia kwenye maulidi ya usiku, ambako anayewarushia watu flashi usoni hastahili kukaribishwa tena.

Wengi, hata hivyo, huinunua ili nyuma ya mtu pafutike. Kwa kazi hiyo waende kwenye milimita 85. Ya 35 ukiifungua yote na kumpiga mtu aliye mita tatu mbele yako, eneo linalokaza lina kina cha takribani sentimita 60. Baada ya hapo vitu vinalainika bila kupotea. Mlango wa nakshi unabaki mlango wa nakshi, na shangazi aliyeshika sinia bado anatambulika. Mwenye harusi atakapoifungua albamu miaka mingi baadaye, atataka kujua ilikuwa nyumba ya nani.

Kuitengeneza hakukuwa rahisi. Kamera za kioo cha ndani zinahitaji nafasi ya kioo hicho kati ya lenzi na filamu, na kwenye Nikon nafasi hiyo ni milimita 46.5, zaidi ya hizo 35 zenyewe. Pierre Angénieux wa Ufaransa alilitatua hilo mwaka 1950 kwa kuweka mbele vipande vya kioo vinavyoutawanya mwanga kwanza, kisha vya nyuma viukusanye; lenzi yake ilifika f/2.5. Leica, ambayo kamera zake za M hazina kioo hicho, ilitoa 35mm f/1.4 mwaka 1961. Nikon ikafuata na yake kwa kamera za kioo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Za zamani zilikuwa na kasoro inayojulikana: ukizifungua kabisa usiku, nukta za taa pembeni mwa picha huota mabawa kama kumbikumbi. Wapo wanaoipenda hali hiyo, nami siwalaumu.

Sigma hii ilitangazwa mwaka 2012, miezi michache baada ya kufariki kwa Michihiro Yamaki, aliyeianzisha kampuni mwaka 1961. Ina vipande 13 vya kioo na inatengenezwa kiwandani Aizu, mkoa wa Fukushima, Japani. Kila moja hupimwa kwa mashine kabla ya kutoka. Nasisitiza kila moja, maana kwenye vipande vilivyopangwa hivyo, kimoja kikihama kidogo tu, upande mmoja wa picha unalegea.

Wenye nayo wanalalamikia gramu 665, na baada ya saa nane za harusi wana haki. Wanalalamikia pia fokasi kupitiliza jicho na kutua kwenye sikio. Kwenye kamera za kioo, fokasi hupimwa na sensa ya pembeni, na tofauti ndogo ambayo f/4 ingeificha, f/1.4 huianika. Kuna kifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta cha kuirekebisha, na anayeishi kwa kazi hii akitafute. Kamera zisizo na kioo hicho zimemaliza sehemu kubwa ya tatizo, kwa kuwa fokasi husomwa kwenye sensa ileile inayopiga picha.

Kwetu Pwani adui mkubwa ni kuvu. Unyevunyevu unaingia, na nyuzi nyeupe zinatambaa juu ya kioo. Ukinunua iliyokwisha kutumika, fungua tundu lote, mulika kwa tochi kutoka nyuma, uangalie kwa mbele. Ukiona nyuzi, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia nusu bei. Ukiipata safi, ihifadhi kwenye kasha linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, na kila mara uitoe ukafanye nayo kazi.