Msamaha Ulioombwa Songea: Uhakiki wa Hotuba na Deni Lake

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Shirikisho la Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama katika Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea, mbele ya wazao wa watu walionyongwa na serikali ya kikoloni ya nchi yake, akaomba msamaha. Sisi tunaofundisha na kuhubiri habari za toba hatuna budi kuirudia hotuba ile kwa utulivu, kwa kuwa ni nadra mkuu wa dola kutamka hadharani maneno ambayo Mkristo huyatamka mbele ya madhabahu. Katika makala hii nakusudia kuipima kwa kipimo cha Ungamo la Augsburg, kisha kuuliza Kanisa letu linasimama wapi katika jambo hili.

Hotuba ina uzuri wake, na ni haki kuutaja kwanza. Haikumficha mtenda. Watawala wengi hupenda kusema kwamba mambo ya kusikitisha yalitokea, kana kwamba yalijitokea yenyewe. Huyu alisema kwamba Wajerumani ndio waliotenda, na kwamba anaona aibu. Tena ilimtaja marehemu kwa jina: Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, ambaye ukoo wake unaamini kuwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Zaidi ya hayo, msemaji hakuishia kwa viongozi wenzake Dar es Salaam, bali aliifuata familia ilipo.

Sasa tupime. Ibara ya 12 ya Ungamo la Augsburg hufundisha kwamba toba ina sehemu mbili, yaani majuto na imani, na kwamba matendo mema hufuata kama matunda yake. Majuto tumeyasikia. Kuhusu matunda, Rais aliahidi kuipeleka historia hii kwa Wajerumani wasioijua, na kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna, pasipo kuahidi kwamba litapatikana. Huo ni unyofu. Lakini kuhusu fidia alinyamaza. Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, viliua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa njaa, baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma vijiji, mashamba na maghala. Aliyechomewa ghala amesikia kwamba mchomaji anasikitika. Hajasikia lolote juu ya nafaka.

Najua wako miongoni mwetu watakaojibu kwamba neema ni ya bure, na kwamba kudai malipo ni kurudia kosa lile ambalo Luther alilipinga mwaka 1517. Hoja hii inachanganya mambo mawili. Mbele za Mungu hatulipi kitu, maana Kristo amekwisha kulipa. Mbele ya jirani, deni hubaki deni. Bwana alikubali kuingia nyumbani mwa Zakayo kabla hajarudisha hata senti moja (Luka 19:1-10). Lakini neema ilipokwisha kuingia, mali ya watu ilitoka, tena mara nne. Vivyo hivyo methali yetu isemayo kwamba yaliyopita si ndwele haina budi kusemwa kwa uangalifu. Akiitamka aliyejeruhiwa, ni ukarimu. Akiitamka aliyejeruhi, ni kukwepa.

Wala fuvu si mfano tu wa mahubiri. Mwezi Septemba 2023, taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba, baada ya kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa matatu yana ndugu walio hai Tanzania. Wajerumani wa leo hawakumnyonga mtu. Lakini aliyerithi kabati amerithi na kilichomo. Siku moja kabla ya hotuba ya Songea, Rais Samia Suluhu Hassan alizitaja familia zinazongoja masalia ya wapendwa wao, akasema nchi iko tayari kwa mazungumzo. Ni vema, ila serikali zinaweza kupatana juu ya mikataba, na jibu la kusamehe likabaki kuwa la familia. Hata Kanisa haliwezi kulitoa kwa niaba yao.

Nasi tunaotumika huku Pugu tusidhani kwamba habari hii ni ya Songea peke yake. Tarehe 13 Januari 1889, katika vita vya Abushiri, misheni ya Wabenediktini hapa Pugu ilishambuliwa. Wamisionari watatu waliuawa na wengine wakatekwa. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Leo Pugu ni mahali pa hija kwa ndugu zetu Wakatoliki. Upande wetu, wamisionari wa Berlin walifungua kituo Kisarawe, ng'ambo ya vilima hivi, mwaka 1892. Katika nchi hiyohiyo ya Wazaramo, Jumbe Kibasila wa Kisangire alinyongwa kwa ajili ya Maji Maji. Jina lake lipo kwenye shule ya sekondari Temeke. Katika maombi ya sharika zetu, je, limewahi kusikika?

Huko Songea, padre wa misheni aliwabatiza wengi wa waliohukumiwa kabla ya kunyongwa. Kanisa lilikuwa na maji kwa ajili ya anayenyongwa. Je, lilikuwa na neno kwa mnyongaji? Swali hili haliwahusu Wabenediktini peke yao, bali wote walioingia nchini chini ya bendera ileile.

Basi hotuba ya Songea ni ungamo la kweli ambalo bado halijazaa vya kutosha. Hatuna haki ya kuidai Berlin matunda huku sisi tukifunga vitabu vyetu. Wanafunzi wa vyuo vyetu wazisome kumbukumbu za Kisarawe na Maneromango, wawahoji wazee wangali hai, na kuandika nani alikufa na kwa mkono wa nani. Na tarehe 27 Februari, siku ambayo Songea huwakumbuka walionyongwa, majina yao yasomwe katika ibada pamoja na ya wamisionari waliouawa.