Michembe na Matobolwa: Upishi wa Jua Usukumani

Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vikiwa vibichi, kisha vikaanikwa juani hadi vikakauka kabisa. Matobolwa ni viazi hivyohivyo, ila huchemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Tofauti ni sufuria moja tu, lakini huzaa vyakula viwili visivyofanana kwa rangi, ladha wala matumizi. Mtu wa Shinyanga hawezi kuvichanganya hata gizani, maana mchembe huacha unga vidoleni, na tobolwa huteleza kama kokoto la mtoni.

Vyakula hivi huliwa Usukumani kote, lakini Shinyanga ndiko hali ya nchi inakovidai zaidi. Mvua huanza karibu na Novemba na kukoma Aprili au Mei; baada ya hapo ni vumbi na upepo mpaka mvua irudi. Mtama na choroko husubiri ghalani bila shida. Kiazi kitamu hakina subira hiyo. Kikichimbwa, huanza kuoza baada ya muda mfupi. Kikiachwa shambani, udongo wa tuta hukauka na kupasuka, na fukusi wa viazi hupita katika nyufa hizo na kutaga mayai. Kiazi alichokiingia huwa kichungu, na uchungu huo hautoki kwa kuchemsha wala kwa kuchoma. Kwa hiyo mkulima hana budi ama kula mavuno yote kwa wiki chache, ama kuyatoa maji. Maji ni karibu asilimia 70 ya uzito wa kiazi kibichi. Kilo tatu au nne zikimenywa na kukaushwa hubaki kilo moja hivi, na kilo hiyo hukaa miezi mingi.

Kazi ya michembe huanza kabla ya kisu. Viazi huachwa kwanza vinyauke siku chache, ganda lake likunjamane. Kiazi kilichotoka ardhini asubuhi hiyo hiyo kimejaa maji na hukatika ovyo. Kilichonyauka huwa laini kidogo na hukubali kisu. Mkataji huketi chini, miguu imenyooshwa, ungo kando ya goti. Kiazi hukaa katika kiganja cha kushoto, na kisu huvutwa kuelekea kidole gumba bila kukigusa. Vipande huanguka ungoni kimoja baada ya kingine, vyote vya unene mmoja, huku mkataji akizungumza na jirani na macho yake yakiwa kwingine kabisa. Unene huo ndio ufundi wenyewe. Kipande kinene hukauka nje na kubaki na unyevu ndani, kisha huota ukungu kihengeni na kuharibu wenzake. Chembamba kupita kiasi huvunjikavunjika na kuwa chenga. Hakuna rula inayotumika. Mkono hufundishwa na mavuno yaliyoharibika miaka iliyopita.

Mahali pa kuanika pazuri kuliko pote ni juu ya jabali. Nchi ya Usukuma imejaa mawe makubwa ya matale, na katika miezi ya Juni hadi Agosti majabali yaliyo karibu na vijiji hugeuka meupe, utadhani yamenyewa na kundi la ndege wakubwa. Jiwe lina faida ambayo mkeka hauna: hupata moto kuanzia asubuhi na kuendelea kutoa joto baada ya jua kuzama, hivyo kipande hukaushwa juu na chini. Asiye na jabali hutumia turubai, mkeka au kichanja. Anayeanika juu ya udongo mtupu atatafuna mchanga hadi Desemba, na wageni wake pia. Adui wengine ni mbuzi, kuku na wingu lisilotarajiwa. Dhidi ya wawili wa kwanza huwekwa mtoto mwenye fimbo. Dhidi ya la tatu hakuna dawa ila mbio.

Michembe ikikaribia kuwa tayari haijaribiwi kwa macho, kwani juu huwa kweupe siku mbili kabla ndani hakujakauka. Hujaribiwa kwa sikio. Kipande hushikwa kwa vidole viwili na kuvunjwa: kikipinda kwanza, kirudi juani, kikikatika kwa mlio mkavu, kiko tayari. Gunia la michembe iliyokauka vizuri likitikiswa hutoa sauti kama ya vigae, na mnunuzi mjuzi sokoni hulitikisa kabla ya kuuliza bei.

Matobolwa yanadai muda zaidi, na hulipa zaidi. Viazi hupangwa chunguni au sufuriani, hutiwa maji kidogo, hufunikwa vizuri na kupikwa kwa moto wa wastani ili viive kwa mvuke. Moto mkali ni kosa. Ndani ya kiazi kitamu mna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari joto linapopanda polepole. Moto ukiharakishwa, kimeng'enya hicho hufa kabla hakijamaliza kazi. Wapishi wa Usukuma walijua jambo hili kwa ulimi zamani, bila kuhitaji jina lake. Viazi vikiiva huachwa vipoe hadi vishikamane, humenywa, hukatwa na kuanikwa. Jua hukamua maji na kuacha utamu wote nyuma. Tobolwa zuri lina rangi ya asali iliyokolea, ni gumu kwa meno katika dakika ya kwanza, kisha hulainika mdomoni na kutoa utamu kwa muda mrefu. Kulichovya kwenye chai yenye sukari, kama wafanyavyo wengine, ni kutukana kazi ya mpishi. Chai ya kulia matobolwa iwe bila sukari.

Tobolwa haliombi jiko tena, ndiyo maana limekuwa chakula cha mfukoni cha mchungaji, mwanafunzi na msafiri. Michembe nayo hurudi motoni. Huoshwa, huchemshwa hadi inywe maji na kulainika, kisha hutiwa karanga zilizotwangwa, na hapo sufuria huachwa juu ya makaa machache ili karanga zitoe mafuta bila kuungua chini. Wengine huila na maziwa mgando, na mchanganyiko huo wa wanga mtulivu na uchachu wa maziwa ni miongoni mwa vifungua kinywa bora vya nchi hii, ijapokuwa hakuna hoteli inayoviandika kwenye orodha yake. Chenga zinazobaki hazitupwi: hutwangwa pamoja na mtama na kusongwa ugali wenye utamu wa mbali. Kando ya ugali huo hukaa nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yaliyopikwa kwa karanga. Hivyo mlo mzima wa Septemba, wanga na mboga, huwa ulishapikwa nusu na jua la Juni.

Wapo wanaoiita michembe chakula cha njaa. Ni kweli kwamba imeokoa kaya nyingi mvua ziliposhindwa, lakini jina hilo halieleweki mtu akienda kwenye nchi ya dhahabu. Geita ilipata mgodi mkubwa miaka ya 1930. Mgodi wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000, na mkoa wenyewe ukaundwa 2012. Katikati ya hayo wachimbaji wadogo wameijaza miji kama Nyarugusu, Rwamgasa na Katoro. Humo fedha hupatikana, na mama lishe hupika kila kitu: wali maharage, ugali kwa sato wa Ziwa Victoria, dagaa, chapati, supu ya ng'ombe alfajiri kwa waliokesha kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Hata hivyo sokoni, kati ya marundo ya mchele na maharage, michembe hupimwa kwa kopo la sado na kuisha. Wanaoinunua si wenye njaa. Ni watu wa Shinyanga na Kahama walioacha kaya zao kufuata maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na ambao wali wa kila siku umewachosha. Tobolwa, kwa upande wake, huingia mfukoni asubuhi. Lina nguvu, halimwagiki, wala halichachi kwenye joto la shimo.

Mabadiliko mapya yanatoka kwenye kiazi chenyewe. Viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa vimesambazwa kwa sababu vina vitamini A kwa wingi. Kazi ya kuviendeleza na kuvieneza ilichangia Tuzo ya Chakula ya Dunia ya mwaka 2016, ambayo mmoja wa washindi wake alikuwa Mganda, Robert Mwanga. Kwa mkaushaji, viazi hivi vina matatizo mawili. Vingi vina maji mengi kuliko vile vyeupe vya zamani, hivyo hutoa michembe michache. Na rangi hiyo ya chungwa, ambayo ndiyo lishe yenyewe, huunguzwa na jua kali. Wanaoshauri kuvianika kivulini penye upepo wana hoja, ila jabali halina kivuli, na mkono uliozoea jabali hauhami kwa semina moja.

Kihenge cha michembe hufikia chini karibu na Novemba. Mawingu yanapokusanyika, mbegu ya msimu mpya hutafutwa, nayo si kiazi bali ni marando, mashina yake yatambaayo. Mengine hukatwa mabondeni ambako unyevu haukukauka. Mengine hutoka katika matuta ya zamani: pale mchimbaji alipopitiwa na viazi vidogo mwezi Juni, mvua ya kwanza huvikuta humo, na baada ya siku chache majani huchomoza mahali ambapo hakuna aliyepanda kitu.