Kitabu cha Tumboni Huchaguliwa kwa Sikio

Watu wakijua una mimba na unapenda vitabu, watakuuliza unamsomea mtoto nini. Halafu wataongeza, ati akizoea mapema atazaliwa mwerevu. Mimba yangu ina miezi saba. Nilitoka chuo kabla ya kumaliza, na hapa Port Victoria naishi kwa kuandika vijikazi vya watu. Werevu wa kununuliwa dukani siuamini. Lakini swali lenyewe nalipenda, kwa sababu ni swali la uhakiki hasa: kitabu gani kinafaa kusomewa mtu asiyejua neno hata moja?

Ushahidi upo, japo ni wa watoto wachache. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na Melanie Spence, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Wajawazito walisoma hadithi moja kwa sauti, mara mbili kwa siku, katika wiki sita za mwisho. Mojawapo ilikuwa The Cat in the Hat ya Dr. Seuss. Watoto walipozaliwa walipewa chuchu ya mpira iliyounganishwa na mitambo, na kwa jinsi walivyonyonya wakawa wanachagua hadithi ya kusikia. Walipendelea ile waliyoizoea, hata iliposomwa na mwanamke mwingine. Werevu haukupimwa.

Tumboni maneno hufika yamefifia, kama redio ya jirani nyuma ya ukuta. Kinachopita vizuri ni mapigo, na kupanda na kushuka kwa sauti. Kwa hivyo hapa mhakiki aanze na sikio, mambo ya maudhui yafuate. Nimejaribu vitabu vitatu kwa kipimo hicho.

Cha kwanza ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Ukiisoma kimya ni tamu, imejaa methali na tamathali. Kuisoma kwa sauti wakati mtoto amekubana mbavu ni kazi nyingine, bana. Unahitaji pumzi ambayo huna. Tena Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, anakufa mapema na kumwacha mwanawe Msanifu Kombo. Kila nikifika hapo sauti inanididimia, na kwa huyu msikilizaji wangu, sauti ndiyo hadithi yote.

Cha pili ni Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858, kutoka pwani ya kaskazini. Kila kipande kina mizani nane, yaani pumzi moja, na kila ubeti unafungwa na kina kilekile mpaka mwisho. Huu ulitungwa kwa ajili ya koo. Kwa sikio, hakuna kilichoukaribia. Shida ni maneno. Mwana Kupona anamfunza bintiye atafute radhi za watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Hapo kwa mume wenzangu wengi watafunga kitabu. Kusema "mtoto haelewi" hakutoshi, kwa sababu mimi naelewa, na ni mimi nitakayeurudia kila jioni. Hata hivyo nimeendelea kuusoma. Mwana Kupona alikuwa mgonjwa alipoutunga. Alitaka binti abaki na sauti yake hata kama yeye hatakuwepo. Ushauri wake kuhusu ndoa nabishana nao. Sababu yake ya kuandika siwezi kubishana nayo, si katika mwezi huu wa saba.

Cha tatu ni Miaha ya Grace Ogot, riwaya aliyoiandika kwa Dholuo mwaka 1983. Ogot alisomea uuguzi na ukunga, kwa hiyo kwangu ni kama mgeni anayejua nyumba. Dholuo ni lugha ya baba mtoto. Mimi ni wa Kinyala, na ulimi wangu unajikwaa mpaka yeye anacheka. Sauti yake ni nzuri zaidi, lakini inapita hewani kwanza. Yangu inapita mwilini. Bora basi tusome wote wawili, ukurasa kwa ukurasa.

Hapo ndipo naona orodha nyingi za "vitabu bora vya mtoto wa tumboni" zinakosea. Zinauliza mtoto atapata nini. Hazimuulizi mtu mzima swali gumu: ukikosekana, nani atakiendeleza? Watoto wa lile jaribio waliitambua hadithi hata katika kinywa kigeni. Kwangu hilo ni kubwa kuliko ahadi yoyote ya werevu. Kila mwanamke anayehesabu wiki amewahi kulifikiria hilo usiku, hata kama halisemi.

Kwa hivyo kipimo changu ni hiki: kitabu kiwe kifupi cha kurudiwa, kiende na pumzi yako, na nyumbani awepo mtu mwingine wa kukichukua. Beti ishirini za Mwana Kupona zinatosha, na dada yangu ameshazijua. Kurasa chache za Miaha ni za baba mtoto. Kwa Kinyala sina kitabu, ila mama yangu ana hadithi moja ya sungura ambayo habadilishi hata neno, na kwa kipimo cha sikio inavishinda vitabu vingi nilivyonavyo. Siku Njema inakaa rafuni. Mtoto ataisoma mwenyewe, akiwa na pumzi zake.