Kimo cha Kilele: Kuisoma Kromatogramu ya Qinghao

Kromatogramu ya dondoo la mitishamba, yaani mchoro wa vijenzi vyake vilivyotenganishwa, husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na mhimili wake wa mlalo ni muda. Katika mpangilio unaotumika zaidi, vijenzi vipendavyo maji hutangulia, vipendavyo mafuta hukawia, na kila kimoja huacha kilele chake kabla ya kumpisha mwenzake. Ni umbo lenye nidhamu, nalo lina mtego: kimo. Jicho hukimbilia kilele kirefu na kukidhani ndicho kiini cha tiba, ilhali kimo hicho hutokana na wingi wa kijenzi pamoja na uwezo wake wa kufyonza mwanga wa kipimo.

Qinghao, pakanga ya Kichina, huudhihirisha mtego huu kuliko mmea mwingine wowote niujuao. Artemisinini, asili ya artemetha iliyomo katika dawa mseto tunayomeza kwa malaria, hufyonza mwanga wa urujuanimno kwa udhaifu mno. Chini ya mwanga huo flavonoidi huchomoza kwa fahari, na kijenzi kinachoua vimelea hupita karibu bila kuonekana.

Usomaji wa kutafuta kisichoonekana una mtangulizi wake. Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliagiza qinghao ilowekwe majini, ikamuliwe, maji yake yanywewe. Mtafiti wa Kichina Tu Youyou aliposoma agizo hilo alizingatia lisichokitaja: moto. Akashuku kwamba joto huharibu kiini cha dawa, na mwaka 1971 akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Dondoo lake likashinda malaria katika panya na nyani.

Kwa hiyo hoja ya kuunganisha kilele na tiba haijengwi juu ya mchoro mmoja. Mhakiki huweka pamoja michoro ya mavuno mbalimbali, akatazama ni kilele kipi hupanda na kushuka sambamba na nguvu ya dawa, kisha akakiondoa kijenzi hicho na kupima upya, kwa kuwa kwenda sambamba pekee si ushahidi wa usababisho. Hata hapo kazi haijaisha, kwa kuwa kijenzi huweza kubadilika mwilini. Baikalini, kilele kikuu cha mzizi wa huangqin, mmea mwingine wa tiba ya Kichina, huvuliwa sehemu yake ya sukari na bakteria wa utumbo na kuwa baikaleini, inayofyonzwa kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana kando ya mchoro wa dondoo hutakiwa mchoro wa pili, wa damu ya aliyeinywa.