Wapishi wa Koladi wa Kusini mwa Marekani
Wapishi Weusi wa kusini mwa Marekani, ambao tangu enzi za utumwa waliifanya koladi, yaani mboga ya majani magumu iliyo ya jamii moja na sukuma wiki, kuwa chakula cha heshima, wanastahili pongezi kubwa kuliko walizopewa, ingawa jimbo la South Carolina liliitangaza mboga hiyo kuwa mboga yake rasmi mwaka 2011. Kifundo cha mguu wa nguruwe kilichokaushwa kwa moshi hutangulia kuchemshwa mpaka supu ikolee, ndipo majani, yaliyooshwa mara kadhaa yakaisha mchanga na kuondolewa vikonyo, hutiwa na kuachwa yatokote taratibu hadi yalainike bila kuvurugika. Supu inayobaki, iliyobeba ladha na sehemu ya vitamini za majani, haimwagwi, bali mkate wa mahindi huchovywa humo.